Yule wa Pembeni na Yule wa Ndani

Martina mwanangu,

Salamu naziruka. Tutaonana kesho asubuhi barabarani, na najua itakavyokuwa. Wewe utatoka Buger kwa shangazi yako umenuna, mimi nitakuwa nimenuna, lori la Mzee Salimu litapiga honi, Emanueli atapakia sanduku lako, na tutaagana kama watu waliokutana mnadani. Ndiyo maana nimekaa hapa mlangoni na karatasi kabla mwanga haujaisha. Nikifungua mdomo mbele yako tunagombana. Karatasi hainijibu.

Sitakuandikia habari ya kupika, wala kufua, wala namna ya kukaa na mume. Hayo unayajua, na usiyoyajua mtafundishana, maana Emanueli ni kijana mwenye subira na namshukuru Mungu kwa hilo. Nakuandikia habari ya ndege. Ndiyo, ndege yule yule. Usiikunje karatasi, nakuomba. Isome hata kama unacheka.

Naogopa, Martina. Naanza na hilo ili usihangaike kulitafuta katikati ya maneno. Unakwenda kuishi kule juu ukingoni mwa Ngorongoro, kwenye nyumba za watu wa barabara, msitu pande zote. Utakuwa unaokota kuni kwenye ukungu, na msitu huujui. Mtoto aliyezaliwa mlangoni mwa msitu, msitu haujui! Si kosa lako. Ulikuwa mdogo walipokuja kupanga mawe ya mpaka wakatuambia kuanzia hapa marufuku kuni, marufuku ng'ombe, marufuku asali. Tangu hapo tunapika kwa mabua na mavi makavu ya ng'ombe, na wewe umekua unautazama msitu kwa mbali kama shamba la mtu mwingine. Leo wenye hifadhi wale wale wanakuchukua wanakuweka katikati yake, kwa sababu mume wako anawachimbia mitaro ya barabara, na wake za wafanyakazi wana ruhusa ya kuokota kuni zilizokauka. Sijui nicheke au nilie. Leo nimelia.

Juzi jikoni nilijaribu kukufundisha kwa mdomo. Nikapiga ule mlio, ukaangua kicheko mpaka ukashika mbavu. "Mama, unafanana na birika linalochemka!" Kusema kweli hata mimi nilitaka kucheka. Ndipo ukasema, "Mama, si ndege tu huyo? Nikipotea nitapiga kelele, watu watakuja. Tena Emanueli ana filimbi ya kazini, atanipa." Hapo nikapandwa na hasira. Nikakuambia usithubutu kupiga kelele msituni, nikagonga mwiko kwenye sufuria mpaka kuku wakakimbia. Na wewe ukanitazama usoni ukalisema lile neno.

"Wewe ndiye uliyepiga kelele, mama. Baba akafa."

Umelifuga tangu una miaka kumi. Unajua mkono wangu ulivyo mwepesi, lakini sikukupiga, maana hukusema uongo. Ukachukua kitenge chako ukaenda Buger, mimi nikabaki nimeshika mwiko. Sina kinyongo na wewe kwa hilo. Ninachoogopa ni kwamba neno lile unalo, lakini maana yake hunayo. Unajua kwamba nilipiga kelele. Hujui kwa nini kelele inaua. Ukienda kule juu hivyo hivyo utafanya nilivyofanya mimi.

Kwanza uwajue ndege wenyewe, maana ni wawili. Hapo ndipo penye balaa. Wangekuwa mmoja nisingekusumbua.

Sisi wanawake wa kuni hatukuwa na majina ya maana. Tuliwaita yule wa pembeni na yule wa ndani. Wote wawili ni wadogo kuliko shomoro, wote wa rangi ya udongo, wote wanatambaa chini kwenye magugu kama panya. Hutawaona juu ya mti hata siku moja. Ukitazama juu umeshapotea. Tazama usawa wa magoti yako, pale vichaka vilipofungana, usubiri jani moja litikisike wakati mengine yametulia.

Yule wa pembeni anakaa palipo na mwanga: kandokando ya msitu, kwenye njia, pale miti ilipoanguka au moto ulipopita, magugu yakaota mengi. Ana wekundu wa udongo wetu wa Karatu ukiloa. Koo lake jeupe. Juu ya jicho ana mstari mweupe, kama mtu amempaka unga kwa ncha ya kidole. Mkia mrefu, mpana, anauburuta. Ukimsikia huyo, uko karibu na kutoka. Mfuate.

Yule wa ndani ni mweusimweusi, koo halina weupe wa maana, jicho halina unga. Mkia wake umechakaa kama ufagio wa zamani. Huyo anakaa kwenye giza, chini ya ile miti yenye ndevu, kwenye makorongo ambako nyati wanalala mchana. Ukimsikia huyo, mwanangu, usipige hata hatua moja kumfuata.

Sasa milio. Hapa ndipo nimekaa tangu mchana. Nimeandika nikafuta kwa mate mpaka karatasi imetoboka, utaliona tundu. Yule wa pembeni anaanza na sauti moja nyembamba, anaivuta: siiii. Ananyamaza, kama anayevuta pumzi. Halafu anamwaga: chwi-chwi-chwi-chwi-chwi, haraka, zote sawasawa, kisha anakata ghafla. Yule wa ndani hana ile siiii ya mwanzo. Anaanza chinichini, huwezi hata kusema ameanza saa ngapi, anapanda: chiri, chiri, chiri, CHIRI, CHIRI. Anakuja juu, anakuja juu, mpaka unadhani anakusogelea. Hakusogelei. Amekaa pale pale. Lakini mtu aliyepotea akisikia kitu kinazidi kuwa karibu, miguu inakwenda yenyewe.

Nimeisoma tena hiyo mistari na naona si kitu. Chwi, chiri, hizo ni herufi. Mungu wangu, ningekuwa na siku moja tu ya kukaa na wewe ndani ya msitu ningekukabidhi yote bila kalamu. Herufi zenyewe nimezijua ukubwani, kwenye darasa la kanisa, na mwalimu alinifundisha kuandika Baba Yetu, hakunifundisha kuandika ndege.

Mimi nilifundishwa na bibi yako, mama wa baba yako, nikiwa bibi harusi. Alikuwa mkali yule mama, jamani! Alinipeleka ndani asubuhi ya ukungu, akanikalisha kwenye matope na nguo yangu mpya. "Hunyanyuki hapa mpaka uniambie tuko pembeni au tuko ndani." Nikasema pembeni. Akasema, "Kaa." Nikasema ndani. Akasema, "Unabahatisha. Kaa." Nilikaa mpaka makalio yakafa ganzi, nikalia kwa hasira, nikamlaani kimoyomoyo. Ndipo nikamsikia yule wa pembeni, ile siiii yake, mbali upande wa kushoto, nikanyoosha kidole bila kusema kitu. Bibi yako akanipa mkono, akaninyanyua. Hakunisifu. Aliniambia tu nibebe mzigo.

Na alinipa sheria ya wanawake wa kuni, ambayo wewe hukuikuta. Ukungu ukishuka, hakuna kuitana. Kila mmoja anasimama alipo, anatua mzigo, ananyamaza. Hata kama mwenzako yuko hatua chache na humuoni, humwiti. Unamsikiliza yule wa pembeni, unakwenda kwake taratibu. Akinyamaza, na wewe unasimama, hata kama ni muda mrefu, hata kama mvua inakunyeshea. Akianza tena, unakwenda tena. Kila mmoja anatoka kivyake, mnakutana kwenye mwanga, mnahesabiana, ndipo mnacheka. Maana yule ndege ana woga kupita kiasi. Mtu akipiga ukelele mmoja tu, anajificha chini ya magugu na hasemi tena mpaka jioni. Basi mmejizimia taa wenyewe.

Sheria hiyo niliijua, Martina. Niliijua kuliko sala zangu.

Sasa ile siku. Ulikuwepo, lakini uliiona kwa macho ya mtoto. Ulikuwa mwaka ule kabla ya Uhuru. Mtamba wetu mwekundu alivuka mpaka, na baba yako akasema askari wakimkuta kwanza tumempoteza. Nikamwambia, "Bura, ukungu unashuka." Akasema, "Kwani mimi mgeni?" Akaingia. Mtamba alirudi peke yake, anatafuna, kama hakuna kilichotokea. Baba yako hakurudi. Tukasimama mimi na wewe kwenye yale mawe ya mpaka, umeshika nguo yangu. Akaja yule askari kijana mwenye kofia, akasema, "Mama, hakuna kuingia leo. Kesho tutatafuta na watu." Nikasema, "Mume wangu yuko ndani." Akasema, "Kesho, mama." Hakuwa mbaya, aliongea kwa upole. Nikamtii.

Hapo ndipo mimi nilipokosea mara mbili kwa mara moja. Nilikaa nilipokatazwa kuvuka, na kwa kuwa miguu nimeifunga, nikafungua mdomo. Niliona nisipofanya kitu nitapasuka. Niliita. "Buraaa! Buraaa!" Na wewe ukaita na mimi. Kijana yule akaita na yeye, maskini, akidhani anasaidia. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Nakumbuka kabisa kwamba kabla sijaanza kulikuwa na ndege karibu na mawe, yule wa pembeni, anaimba vizuri. Nilimsikia. Sikufikiri kwamba na Bura anamsikia.

Walimtoa asubuhi ya pili, chini ya korongo, nyonga imevunjika. Alikaa nasi siku mbili. Ulikuwa unamletea maji kwa kikombe cha bati alipolisema, na ndipo ulipolisikia. "Nilikuwa nimeshampata yule wa pembeni. Nilikuwa nakuja. Kisha akanyamaza, nikakusikia wewe pande zote." Pande zote, ndivyo alivyosema. Sauti ya mtu kwenye korongo inagonga huku inarudi kule. Aliifuata sauti yangu, na sauti yangu ilikuwa inatoka shimoni. Hakunilaumu. Aliniambia kama mtu anayesimulia njia aliyopita. Nilitamani anilaumu, ningepata la kujibu.

Ndiyo maana nilipiga sufuria, mwanangu. Si wewe niliyekuwa nakukaripia.

Kuna kitu kingine utakisikia kwa Emanueli, bora ukisikie kwangu. Jumapili baada ya misa nilimfuata nikampigia magoti. Mama mkwe kumpigia magoti mkwewe, umeona wapi? Kijana wa watu alishtuka, akatazama huku na huku, akaninyanyua kwa viwiko. Nilimwomba apange chumba hapa Karatu, yeye awe anapanda na kushuka. Akasema, "Mama, barabara ikikatika usiku nahitajika pale pale. Na Martina mwenyewe anataka kuja." Kweli, unataka. Nimekuona unavyokunja zile shuka. Basi nimeshindwa. Nisingeweza kukuzuia bila kukuharibia, na sitaki ukae hapa kwa ajili ya hofu yangu mpaka uzeeke umenichukia.

Kwa hiyo nakuomba haya machache, na naomba nikiwa magotini hivi hivi.

Kabla hujaingia msituni hata hatua moja, subiri asubuhi isiyo na ukungu. Toka usimame kando ya barabara, pale magugu yalipo mengi, mumeo awe bado nyumbani. Nyamaza. Mtafute yule wa pembeni kwa sikio kwanza, usikie ile siiii, ndipo umtafute kwa jicho. Ukibusu mgongo wa kiganja chako, lile busu la kufyonza, atachungulia, ana umbea. Umuone koo, umuone unga juu ya jicho. Fanya hivyo kesho yake tena, na kesho yake. Ukiweza kumjua umefumba macho, ndipo uchukue kamba ya kuni.

Usiyaamini macho siku ya mvua. Mimi nilidanganyika hivyo mwaka nilipokuwa na mimba yako. Ndege alikuwa ameloa, mweusi tii, unga wa jicho umeoshwa, nikasema huyu ni yule wa ndani, nikageuza njia. Kumbe ndiye wa pembeni, nilikuwa nimebakiza kidogo nitoke. Nikaingia ndani zaidi na tumbo langu, nikakutana na kinyesi cha nyati kinafuka moshi. Nilisimama nikakushika humo tumboni kwa mikono miwili. Kilichonitoa ni kwamba aliimba nyuma yangu. Manyoya yanaloa, mlio hauloi.

Filimbi ya Emanueli iache nyumbani. Najua utaichukua, wewe ni mbishi kama mimi. Basi ichukue, lakini uifunge kwenye pindo la kanga, mafundo matatu, ili mikono yako ipate kazi ya kufungua na akili ipate nafasi ya kurudi. Nakujua. Hofu ikikushika unakuwa na kelele. Ulizaliwa na kelele, mkunga alisema hajapata kuona. Huo ndio urithi uliopata kwangu na ningeweza ningekunyang'anya.

Na waulize wanawake mtakaokaa nao. Kuna akina mama wa huku waliotangulia kuolewa na wafanyakazi, na kuna akina mama wa Kimasai wanaoshusha maziwa. Usione haya kuuliza jambo dogo. Wakikucheka, cheka nao, kisha uliza tena.

Mwanga unaisha, siioni mistari vizuri. Nimesema sana na bado naona sijakupa kitu. Nikifumba macho nakuona umesimama na mzigo wa kuni, ukungu umefika kiunoni, unageuka huku, unageuka kule. Naiona hiyo kila siku tangu walipoleta posa. Watu wanadhani mama wa bibi harusi analia kwa ajili ya kuagana.

Basi na kama itatokea, kama utapotea na humsikii wa pembeni wala wa ndani, kaa chini. Weka mgongo kwenye mti mkubwa. Usitembee. Lori hupita kila wiki, habari zitanifikia, na nitapanda. Pale kwenye geti la hifadhi watanizuia, na mimi nitapita. Safari ile nilisimama kwenye mawe kwa sababu mtu alisema kesho. Safari hii wanifunge, wanipige, nitakuwa nimeshaingia.

Lakini nisikilize, Martina, hili ndilo la kushika hata ukisahau mengine yote. Sitakuita. Utakaa pale kwenye ukungu utasikiliza, hutasikia mtu anayelitaja jina lako, na moyo utakuambia mama hakuja. Nitakuwa nimekuja. Nitakuwa humo humo nakutafuta, nimeuziba mdomo wangu kwa mikono yangu miwili, ili ndege asinyamaze.

Mama yako